Msako, mwenye nyumba au kikao: ulinganisho wa njia za polisi kuifunga nyumba inayouza dawa za kulevya mtaani

Malalamiko kuhusu nyumba inayouza unga au bangi yanapofika katika ofisi ya serikali ya mtaa, ombi la kikao huwa moja: polisi waje wapige msako. Ombi hilo linaeleweka, kwa sababu msako unaonekana, una kishindo, na unawapa wakazi imani kwamba serikali ipo na inasikia. Hata hivyo msako ni njia moja tu kati ya kadhaa zilizo mikononi mwa polisi, na kwa nyumba nyingi za mitaa ya Mtwara Mikindani na Manispaa ya Lindi sidhani kama unastahili kuwa wa kwanza. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama, na mkaguzi aliyepangiwa kazi ya polisi kata, yaani watu ambao mwishowe hukaa benchi moja na kuulizana waanze na lipi.

Swali la kutangulia mengine yote ni hili: nyumba yenyewe iko mikononi mwa nani? Kuna chumba cha kupanga, ambacho mpangaji amelipa kodi ya miezi sita mbele na mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam, au yupo chumba cha pili katika uwanja huohuo. Kuna nyumba ya familia, mara nyingi ya mirathi isiyogawanywa, ambamo muuzaji ni mtoto au mjukuu wa nyumbani na hakuna wa kumfukuza. Kuna pagale, lenye kuta bila milango, ambalo mwenyewe alisimamisha ujenzi korosho zilipoporomoka bei na hajarudi. Kuna gesti, baa au kibanda chenye leseni, ambacho biashara halali inakifunika kile kinachouzwa nyuma. Mwisho kuna nyumba ya mwenye mzigo, ambako dawa haziuzwi kwa kete bali hutunzwa na kugawiwa kwa wauzaji wengine. Hizi ni nyumba tano tofauti, na kosa kubwa la vikao vyetu ni kuziandikia dawa moja.

Niongeze jambo dogo pembeni. Katika mikoa yetu, msimu wa mabibo unapofika, nyumba nyingi huuza uraka, yaani pombe ya mabibo hayo, na zipo zinazokwenda mbali zaidi hadi gongo. Watu wengi kuingia uani jioni si ushahidi wa unga. Kikao kinachochanganya mambo haya mawili kitamchosha polisi kata kwa taarifa zisizo na maana, na siku ya taarifa ya kweli hatakuja kwa haraka.

Msako na kesi

Msako una sifa ambayo hakuna njia nyingine inayo: unaweza kumtoa mtu hatari ndani ya nyumba kwa saa moja. Pale ambapo kuna silaha, ambapo mtoto anatumikishwa, au ambapo mzigo ni mkubwa, hakuna sababu ya kuanza na barua wala mazungumzo. Mikoa yetu si mahali pa kudhani kwamba mizigo mikubwa hupita kwingine. Pwani ya kusini iko kwenye njia ambayo majahazi yanayotoka upande wa Pakistani na Irani yameitumia kwa miaka mingi kushusha heroini Afrika Mashariki hadi kaskazini mwa Msumbiji, na Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi. Nyumba ya aina hiyo si ya kujadiliwa kwenye kikao cha mtaa hata kidogo. Taarifa yake inapelekwa moja kwa moja kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwa namba ya bure 119, na aliyeipeleka ananyamaza.

Kwa nyumba ya kete, hali ni nyingine. Muuzaji mzoefu haweki mzigo wake wote chumbani. Anabaki na kete chache, vipande vidogo vya nailoni vilivyofungwa kwa moto wa kiberiti, ambavyo vinaenea kiganjani na vinaweza kutupwa katika choo cha shimo kabla mlango haujafunguliwa. Zilizobaki ziko kwenye tundu la ukuta, chini ya mkorosho wa nyuma, au kwa jirani anayelipwa kwa kunyamaza. Gari la polisi likitoka kituo kikuu cha mji mdogo kama wetu, bodaboda zimekwisha kufikisha habari kabla halijakata kona ya pili. Matokeo yake ni upekuzi wa kishindo unaoambulia msokoto mmoja na kijana mmoja anayetumia, huku muuzaji akirudi jioni akiwa na sifa mpya ya kutokamatika.

Hata msako unaofanikiwa una umri mfupi. Jaribio maarufu kuhusu suala hili lilifanyika Kansas City, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo nyumba zilizouza kokeini ya kuvuta katika zaidi ya vipande 200 vya mitaa zilipangwa kwa bahati nasibu, baadhi zivamiwe kwa kibali cha mahakama na nyingine zisivamiwe. Uhalifu katika maeneo yaliyovamiwa ulipungua kidogo, lakini nafuu hiyo ilitoweka ndani ya takriban wiki mbili. Jaribio hilo lilihusu mji mwingine na dawa nyingine, lakini sababu ya matokeo yake tunaifahamu hapa: msako unamwondoa mtu na kuacha chumba, wateja na njia ya mzigo palepale vilipokuwa.

Upande wa sheria ndio unaoangusha kesi nyingi, na hapa viongozi wa mtaa wana sehemu yao ya lawama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine, na inataka vitu vilivyokamatwa viandikiwe stakabadhi yenye saini ya mwenye mahali pale na ya mashahidi waliokuwapo. Shahidi huyo huru kwa kawaida ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na anatakiwa awepo tangu askari wanapovuka kizingiti. Mjumbe anayeamshwa baada ya kete kukwisha kuwekwa mezani, akasainishwa na kurudi kulala, ameshaiharibu kesi, kwa sababu wakili wa utetezi atamuuliza swali moja tu: ulimwona nani akizitoa, na wapi? Baada ya hapo kete zinapaswa kusafiri kutoka kwa askari aliyezikamata hadi kwa mtunza vielelezo, kisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kurudi hadi mahakamani, kila mkono ukisaini kupokea na kukabidhi. Mahakama ya Rufani imekwisha kuwaachia huru washtakiwa wengi kwa sababu mnyororo huo ulikatika sehemu moja tu.

Ndiyo maana, pale ambapo kumfungulia mtu mashtaka ndilo lengo la kweli, kununua kwa mtego ni bora kuliko msako wa kubahatisha. Askari asiyejulikana mjini ananunua, malipo yake yameandikwa, na ushahidi unaonyesha kwamba mtu huyu anauza, wala hakukutwa tu na kitu mfukoni. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015, kama ilivyorekebishwa 2017, inafikia hadi kifungo cha maisha kwa biashara ya kiasi kikubwa cha heroini, wakati anayekutwa na kiasi cha kutumia anakabiliwa na adhabu nyepesi zaidi. Ugumu wake ni kwamba Mtwara na Lindi ni miji ambayo sura ya askari inajulikana hadi sokoni. Mtego unahitaji watu wa kutoka nje, muda na fedha, na hauwezi kufanywa kwa kila nyumba inayolalamikiwa.

Kuna gharama nyingine ya msako ambayo haiandikwi kwenye taarifa ya polisi. Mtwara ilipita katika vurugu za kupinga bomba la gesi za Januari na Mei 2013, hadi wanajeshi wakaletwa mjini, na katika mitaa kadhaa habari za askari kuingia majumbani bado zinasimuliwa kwa uchungu. Kila mlango unaovunjwa kwa taarifa ya uongo, hasa taarifa iliyozaliwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja, unapunguza idadi ya watu watakaosema ukweli mwezi unaofuata.

Mwenye nyumba mezani

Njia ninayoipa uzito mkubwa kuliko zote, kwa chumba cha kupanga, ni polisi kumkabili mwenye nyumba. Msingi wake wa kisheria upo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inamhesabu kuwa mkosaji yule mwenye mahali, mkaaji au msimamizi wake, ambaye kwa kujua anaruhusu mahali hapo patumike kwa makosa ya dawa hizo. Uzito wote uko katika kule kujua. Wenye nyumba wengi hujilinda kwa kutokuuliza, wakichukua kodi na kufumba macho, na kazi ya kwanza ya mkutano ni kuuondoa ulinzi huo kwa heshima na kwa maandishi.

Mkutano wenyewe hauhitaji ukali. Polisi kata na mtendaji wa mtaa wanafika mchana, bila gari lenye king'ora, wakaketi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkeka."

"Hatukuja kukukamata. Tumekuja kukueleza jambo ambalo baada ya leo hutaweza kusema hukulijua."

"Mie nadai kodi yangu tu. Ya chumbani kwake anayajua mwenyewe."

Hapo ndipo daftari linapofunguliwa na tarehe zinaposomwa moja baada ya nyingine, pamoja na saa na kilichoonekana, bila kutaja nani aliyeona. Kisha mama huyo anaelezwa sheria inasema nini, anaulizwa kodi imelipwa hadi mwezi gani, na anapewa barua yenye nakala ambayo anaisaini kuipokea. Mazungumzo haya hayamalizi jambo siku hiyo, lakini kuanzia siku hiyo kuendelea kumpangisha mtu yule kunakuwa uamuzi wake mwenyewe, wenye matokeo yake.

Je, inafanya kazi? Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu unatoka San Diego, California, ambako mwaka 1993 polisi waligawa kwa bahati nasibu nyumba 121 za kupangisha zilizokwisha kupata operesheni za dawa za kulevya. Kundi moja la wenye nyumba liliitwa kwenye mkutano na mpelelezi, likaelezwa kwamba lisipochukua hatua litapelekwa mahakamani. Kundi la pili lilipata barua tu. La tatu halikufuatwa. Walioitwa kwenye mkutano waliwaondoa wapangaji wahusika mara nyingi zaidi, na uhalifu katika nyumba zao ulipungua kuliko katika nyumba ambazo hazikufuatwa. Barua peke yake ilikuwa dhaifu. Somo hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ofisi zetu hupenda barua: ni rahisi, ina mhuri, na inamruhusu mwandishi kusema ametimiza wajibu.

Tofauti ya San Diego na Mtwara iko kwenye kodi. Hapa kwetu mpangaji hulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na fedha hiyo mara nyingi imekwisha kuwa mabati, ada ya shule au mtaji wa duka. Mwenye nyumba anayetakiwa kumwondoa mpangaji katika mwezi wa pili anaona deni la miezi minne, wala haoni dawa za kulevya. Kikao kisichozungumzia deni hilo ni kikao cha bure. Mara nyingi suluhu inayowezekana ni kurudisha kodi iliyobaki kwa awamu, ikiandikwa mbele ya mtendaji, au kumpata mpangaji mpya ambaye fedha yake italipa ya yule anayeondoka. Pale muda uliobaki unapokuwa mfupi, inatosha kukubaliana kwa maandishi kwamba mkataba hautaongezwa, huku doria ikipita pale kila siku hadi tarehe ifike.

Polisi wana wajibu wa kumzuia mwenye nyumba asifanye haraka ya hatari. Kung'oa mlango, kufungua mabati au kubadilisha kufuli mpangaji akiwa kazini ni mambo yanayofanyika sana, na yanamgeuza muuzaji wa unga kuwa mlalamikaji mwenye haki. Njia ni notisi ya maandishi, na mpangaji akigoma, ni baraza au mahakama yenye mamlaka. Vilevile polisi wasitumiwe. Wapo wenye nyumba wanaotaka tu kupandisha kodi, na neno "anauza unga" ni njia nyepesi ya kumtoa mtu bila kumrudishia chochote. Daftari lenye tarehe ndilo linalotenganisha tuhuma na majungu, na pasipokuwa na daftari mkutano usiitishwe.

Wapo pia wenye nyumba walio washirika. Dalili ya kawaida ni kodi: chumba kisicho na dari wala umeme kinacholipiwa mara mbili ya chumba cha jirani, na mwenyewe hashangai. Huyo hafai kuonywa kwa siri zaidi ya mara moja. Na kwa upande mwingine kabisa yupo mjane au mgonjwa ambaye wauzaji wamehamia kwake kidogo kidogo, kwanza kama wageni wanaoleta mboga, kisha kama wenye nyumba. Uingereza ilikutana na hali hiyo sana. Sheria yake ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Januari 2004, iliwapa polisi uwezo wa kubandika tangazo la kuifunga nyumba ya dawa kali na kuifikisha hoja hiyo mbele ya hakimu ndani ya saa 48; hakimu aliweza kuamuru nyumba ifungwe kwa miezi mitatu, ikiongezwa isizidi sita kwa jumla. Ni njia ya haraka na ya kutisha, lakini ilibidi watu waulizane mwenye chumba aliyetekwa na wauzaji atalala wapi. Kwetu mjane wa namna hiyo anahitaji kwanza ndugu zake waitwe na ofisa ustawi wa jamii ahusishwe, kisha wageni waondolewe na polisi, wala si yeye kuandikiwa barua ya onyo.

Leseni, sheria ndogo na taa

Oakland, California, polisi walianzisha mwaka 1988 kikosi kilichoshirikiana na wakaguzi wa majengo, zimamoto na huduma nyingine za mji, wakazibana nyumba za dawa kwa makosa ya kawaida: nyaya mbovu, uchafu, ujenzi usio na kibali. Katika jaribio la katikati ya miaka ya 1990 lililohusisha vipande 100 vya mitaa, maeneo yaliyoshughulikiwa hivyo yalifanya vizuri zaidi kuliko yaliyoachiwa doria ya kawaida, hasa penye makazi ya watu.

Kwa gesti na baa za Mtwara na Lindi njia hii inafaa sana, kwa sababu mwenye leseni anaogopa kuipoteza kuliko anavyoogopa kesi ya mtu mwingine. Ofisa biashara, ofisa afya na polisi wakifika pamoja, wakaomba kitabu cha wageni, wakakuta majina ya watu ambao hawakuandikiwa kitambulisho wala mahali wanakotoka, wana hoja ya kutosha bila kutafuta kete hata moja. Kwa pagale, kinachotakiwa ni kumpata mwenyewe na kumlazimisha azibe milango na madirisha kwa tofali na kufyeka kichaka, na halmashauri ina sheria zake ndogo za usafi na ujenzi za kusimamia hilo. Taa moja mbele ya pagale inafanya kazi usiku kucha bila posho.

Nisiifiche kasoro yake. Sheria ndogo zikishaanza kutumika kama fimbo, fimbo hiyo hupenda kumfikia mama lishe wa pembeni kabla ya kumfikia mwenye gesti mwenye jamaa ofisini. Ukaguzi uandikwe ulikwenda wapi na kwa taarifa gani, vinginevyo usifanyike.

Mtoto wa nyumbani

Nyumba ya familia ndiyo ngumu kuliko zote. Hakuna mkataba wa kuvunja wala kodi ya kurudisha, na bibi mwenye nyumba hawezi kumfukuza mjukuu aliyemlea. Msako ukimchukua mmoja, mdogo wake anashika nafasi. Hapa njia ya kufikiria ni ile iliyotumika High Point, North Carolina, mwaka 2004. Polisi walilichunguza soko la dawa la mtaa wa West End kwa miezi, wakawakamata wauzaji wenye historia ya ukatili, kisha wakawaita waliobaki pamoja na ndugu zao wa karibu, wakawaonyesha ushahidi ambao tayari ulitosha kuwafunga, na kuwaambia kwamba kesi hazitafunguliwa ilimradi waache siku hiyohiyo. Soko la wazi la mtaa ule lilikufa. Miji mingine ilipoiga, matokeo hayakuwa sawa kila mahali, hasa pale hatua za maandalizi ziliporukwa.

Sehemu ya ndugu inatufaa kabisa, kwa sababu kijana wa Kimakonde au Kimwera anayemcheka askari bado atainamisha kichwa mbele ya mjomba wake. Mjomba, bibi, imamu au padri wa jirani wakikaa na polisi kata chumba kimoja, ujumbe unafika mahali ambapo pingu hazifiki. Tatizo ni ile kesi isiyofunguliwa, inayobaki kabatini. Kwetu uamuzi wa kushtaki ni wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, si wa askari, na ushahidi unaowekwa kabatini kwa ahadi ya mdomo ndiyo bidhaa ambayo askari asiye mwaminifu angependa kuiuza kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ninaikubali njia hii kwa masharti matatu yasiyojadiliwa: wakili wa serikali awepo au awe ametoa ridhaa kwa maandishi, muhtasari wa kikao uandikwe na nakala ibaki nje ya kituo cha polisi, na anayekubali kuacha apelekwe mahali pa kupata tiba kama naye anatumia. Tiba ya methadoni, dawa mbadala kwa waraibu wa heroini, ilianza kutolewa kwa umma Muhimbili mwaka 2011 na imesambaa katika mikoa kadhaa tangu wakati huo. Wauzaji wengi wa kete ni waraibu wanaouza ili wapate dozi yao, na kumwambia mtu huyo aache kuuza bila kumwambia ataishije kesho asubuhi akiwa na arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, ni kupoteza muda wa watu wote waliokaa pale.

Doria ya kusimama nje ya nyumba nitaitaja kwa ufupi. Inafukuza wateja kwa saa ambazo askari wapo, na simu pamoja na bodaboda huwafikishia wateja hao mzigo kwingine. Faida yake ni kulinda ushindi uliokwisha kupatikana, hasa katika wiki za mwanzo baada ya chumba kuhamwa.

Nyumba ipi, njia ipi

Kwa chumba cha kupanga, ningeanza na daftari la wiki tatu au nne, kisha mkutano na mwenye nyumba, kisha notisi. Msako ungebaki kwa mpangaji anayetisha majirani au anayegoma huku biashara ikiendelea. Njia hii ni ya polepole, inachukua mwezi au miwili, lakini inakiondoa chumba chenyewe sokoni, jambo ambalo msako hauwezi. Kwa gesti na pagale, halmashauri itangulie na polisi wafuate. Kwa nyumba ya familia, kikao cha ndugu chenye masharti niliyoyataja, na kama hayawezekani, mtego wa kununua kwa muuzaji mkuu ili kesi iwe moja na iliyo imara. Kwa nyumba ya mwenye mzigo, 119 na ukimya. Mtoa taarifa akumbuke kwamba kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, ingawa ulinzi wa kwanza ni yeye mwenyewe kutosimulia kijiweni.

Wakati nao upimwe. Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, fedha huingia mitaani na biashara ya kete huchangamka pamoja na nyingine zote. Mkutano na mwenye nyumba uliofanyika Agosti una nafasi kubwa ya kufanikiwa kuliko wa Novemba, ambapo mpangaji ana fedha ya kumwongezea kodi ili amnyamazishe.

Chumba kikishahamwa, kisikae wazi. Mpangaji mpya aingie kwa mkataba wa maandishi uliosainiwa mbele ya mtendaji, wenye kipengele kinachosema wazi kwamba chumba kikitumika kwa dawa za kulevya mkataba umevunjika na utaratibu wa kurudisha kodi iliyobaki utakuwa upi. Baada ya wiki mbili polisi kata arudi kuangalia, na arudi tena baada ya miezi miwili, maana wiki mbili za utulivu hata msako huzileta. Akiona watu walewale wameanza kuingia nyumba nyingine ndani ya kata, ukurasa mpya wa daftari ufunguliwe kwa nyumba hiyo, na mwenye nyumba wake atembelewe kabla hajapokea kodi ya pili.